Waliosikiliza na Waliorudi

Msanii akitangaza kuwa wimbo wake umefika milioni moja, la kuuliza kwanza ni kilichohesabiwa. Kwenye Spotify, wimbo unahesabiwa mara moja msikilizaji akishafikisha sekunde 30. Last.fm, mtandao ulioanzia Uingereza na unaotunza kumbukumbu za kile watu wanachosikiliza, una sharti gumu zaidi: wimbo uwe mrefu kuliko sekunde 30, na uwe umesikilizwa nusu yake au dakika 4, lolote litakalotangulia.

Sasa chukua taarabu ya kisasa yenye dakika 12. Aliyeiacha kwenye sekunde ya 31, vyombo vikiwa bado vinafungua na mwimbaji hajatamka neno, na aliyekaa nayo hadi kiitikio cha mwisho, Spotify inawahesabu sawa. Muziki wa dansi wa zamani, ambao chemko lake huja wimbo ukiwa umekwenda mbali, umo katika hali hiyohiyo. Ndani ya dakika hizo 12, wimbo wa dakika 3 ungeweza kuhesabiwa mara nne. Orodha ya nyimbo bora inayopangwa kwa hesabu hiyo inaupendelea muziki mfupi hata kabla mtu hajaulizwa anapenda nini, na mimi naona hiyo si haki kwa waimbaji wetu wa taarabu.

Sekunde 30 zinaficha nini hasa? Mwaka 2014 Paul Lamere wa The Echo Nest, kampuni iliyonunuliwa na Spotify mwaka huohuo, alichambua jinsi wasikilizaji wanavyoruka nyimbo. Karibu asilimia 24 ya nyimbo ziliachwa ndani ya sekunde 5 za mwanzo, asilimia 35 ndani ya sekunde 30, na karibu nusu hazikufika mwisho. Ukizifuata namba hizo kwa utaratibu, utaona kwamba kati ya nyimbo zilizovuka sekunde 30 na kuhesabiwa, karibu moja kati ya kila tano iliachwa njiani. Jumla inayotangazwa haisemi lolote kuhusu hiyo ya tano.

Mtu anayetaka kujifunza kazi ya kuchambua hesabu hizi kwa mikono yake ana pa kuanzia. Mtafiti Òscar Celma alitoa mafungu mawili ya data za Last.fm kwa ajili ya utafiti. Kubwa lina wasikilizaji 359,347 na mistari 17,559,530, kila mstari ukionyesha msikilizaji, msanii na idadi ya mara. Dogo lina wasikilizaji 992 tu, lakini mistari yake ni 19,150,868, kwa sababu kila wimbo umeandikwa peke yake pamoja na saa uliposikilizwa, hadi Mei 2009. Fungu kubwa linavutia kwa ukubwa wake, ila lina kasoro inayowapita wengi. Gawanya mistari kwa watu: unapata wastani wa wasanii 49 kwa kila mmoja. Ni orodha za wasanii wanaosikilizwa zaidi, kwa hiyo msanii mdogo aliyesikilizwa mara mbili tatu amebaki nje. Ukitaka kujua nani anarudi kwa nani, na baada ya muda gani, tumia fungu dogo.

Kazi ya kwanza ni majina, na ndiyo inayokula muda. Profesa Jay, Professor Jay na Prof. Jay ni msanii mmoja kwetu, lakini kwa kompyuta ni watatu. Data hizi zina namba za utambulisho za MusicBrainz, kanzidata ya muziki, zinazosaidia kuunganisha majina, ingawa si kila mstari unayo. Majina ya walioshirikishwa yakiwa yamebandikwa kwenye jina la msanii, amua mapema nani atapewa hesabu, kisha usibadili.

Halafu tenganisha namba mbili: watu wangapi walimsikiliza msanii, na kila mtu alimsikiliza mara ngapi. Tuseme wasanii wawili wana mara 10,000 kila mmoja. Wa kwanza amezipata kwa watu 1,000, wa pili kwa watu 50. Wa kwanza anafahamika, wa pili ana wafuasi. Hapo usitumie wastani. Katika fungu dogo kila mtu ana wastani wa mistari kama 19,300, yaani ni watu wanaosikiliza kwa wingi mno, na mmoja aliyeacha wimbo ukijirudia usiku kucha anaweza kuubeba wastani wote wa msanii. Wapange wasikilizaji kuanzia wa chini hadi wa juu, uchukue namba ya katikati.

Njia nyingine ni kumpa kila msikilizaji uzito sawa: mara alizomsikiliza msanii zigawanywe kwa jumla ya yote aliyosikiliza. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kuwalipa wasanii huru kwa mantiki ya namna hii, fedha za msikilizaji zikienda kwa wale aliowasikiliza yeye. Kwa hiyo uchaguzi wa hesabu unagusa mfuko wa msanii moja kwa moja.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kurudi. Kwa kila msikilizaji, tafuta siku alipomsikia msanii kwa mara ya kwanza, kisha uone kama alimsikiliza tena baada ya siku 30 kupita. Hapa kuna mtego: aliyemfahamu msanii mwishoni mwa Aprili 2009 hakupewa muda wa kurudi, kwani data zinaishia mwanzoni mwa Mei. Usipomwondoa, msanii aliyechipukia mwishoni ataonekana ametelekezwa. Saa nazo zimeandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, hivyo saa 3 usiku ya Dar es Salaam inasomeka 18:00. Usipozirekebisha kwa kufuata nchi ya msikilizaji, siku zinaingiliana.

Ninaweka kurudi juu ya jumla kwa sababu jumla hujilisha yenyewe. Watafiti Salganik, Dodds na Watts walionyesha hilo mwaka 2006 kwa nyimbo 48 na washiriki 14,341: wasikilizaji walipoona idadi ya waliopakua kabla yao, nyimbo zilizokwisha kupendwa zilizidi kupendwa, na mshindi akawa mgumu zaidi kutabirika. Anayerudi baada ya mwezi ameshausikia wimbo kwa masikio yake.

Msanii wa Tanga au Mombasa hana mistari milioni 19, lakini ukurasa wake wa takwimu wa Spotify unamwonyesha jumla, idadi ya wasikilizaji na waliohifadhi wimbo. Agawanye jumla kwa wasikilizaji katika siku 28 zilezile, wimbo kwa wimbo. Kwa taarabu, azidishe pia kwa urefu wa wimbo, akijua kwamba anapata dakika za juu kabisa zinazowezekana, kisha aupange upya mfululizo wa nyimbo zake.