Maoni Kuhusu Istilahi za Uangalizi wa Wakosaji Katika Jamii

Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tangu hapo istilahi za sheria haziwezi kuwa shughuli ya wanaisimu peke yao, kwani neno lililoteuliwa vibaya laweza kumdhuru mtu aliyesimama kizimbani. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki istilahi zinazomhusu mkosaji anayetumikia amri ya mahakama akiwa nje ya gereza, hasa zile za kumpokea na za kupanga kiasi cha kumsimamia.

Tuanze na jina la huduma yenyewe. Chimbuko lake hutajwa kuwa Boston, Marekani, mwaka 1841, ambako fundi viatu John Augustus alimdhamini mlevi mmoja mahakamani. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1907, na mfano huo ukaletwa katika makoloni yake ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa jina la Kiingereza lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujaribu, wako wanaosema "majaribio". Neno hilo tayari ni mali ya waajiri: mtumishi mpya huwa katika kipindi cha majaribio, naye hana kosa lolote. "Probesheni" haligongani na neno jingine, lakini halimfunulii msikilizaji kitu. "Uangalizi" ni bora, nalo limekwisha kuzoeleka Tanzania. Kasoro ni kwamba limebebeshwa mizigo miwili: amri ya mahakama, na kazi ya kila siku ya ofisa. Ndipo tunapopata tungo kama "kiwango cha uangalizi katika kipindi cha uangalizi". Tunapendekeza "uangalizi" libaki kwa amri na huduma, na kazi ya ofisa iitwe "usimamizi". Aliye chini ya amri aitwe "mwangaliwa", kwa kufuata muundo wa "mshtakiwa" na "mwajiriwa".

Hatua ya kwanza baada ya amri mara nyingi huitwa "mapokezi" au "usajili". La kwanza lanukia ukarimu na dawati la hospitali. La pili laishia kwenye daftari. Ilhali kazi yenyewe ni kumweleza mtu masharti yake, kumhoji kuhusu makazi, kazi na jamaa zake, na kufanya tathmini ya awali. "Upokeaji" ni neno pana la kutosha na halina ladha ya karamu.

Penye uzito zaidi ni viwango. Utaratibu wa kuwagawa waangaliwa kwa alama ulienezwa na jimbo la Wisconsin, Marekani, ambalo lilibuni vipimo vyake katika miaka ya 1970. Mwangaliwa alipimwa kwa mambo kama umri wake alipotiwa hatiani mara ya kwanza, muda aliokuwa na kazi, ulevi, na kuhamahama kwake. Kisha akapangiwa usimamizi wa juu, wa kati au wa chini. Mtafsiri wa neno kwa neno atasema "kiwango cha juu". Lakini kwa Mswahili, kitu cha kiwango cha juu ni kitu bora! "Daraja" nalo huwapanga watu kama wanafunzi baada ya mtihani. Kinachopimwa hapa ni ukaribu wa ofisa, wala si ubora wa mtu. Kwa hiyo tuseme "usimamizi wa karibu", "usimamizi wa kawaida" na "usimamizi mwepesi".

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia "hatari" kwa kile ambacho vipimo hivyo hukadiria. Katika vipimo vya Wisconsin, wizi na hundi zisizo na fedha vilimwongezea mtu alama, kwa sababu makosa hayo hurudiwa. Mwizi wa kuku aliyezoea kazi yake aweza basi kupata alama nyingi, na hali hajapata kumpiga mtu kofi. Akiandikwa "mwenye hatari kubwa", jirani na mwajiri watamwelewa kuwa ni mtu wa kuua. Istilahi sahihi ni "uwezekano wa kurudia kosa". Ni ndefu, twakiri. Lakini ufupi usinunuliwe kwa uwongo. Tena jambo hili lina matokeo katika utendaji. Kanuni zilizoandikwa na Wakanada Andrews, Bonta na Hoge mwaka 1990 zataka nguvu ielekezwe kwa wenye uwezekano mkubwa wa kurudia, na tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa kumbana mno mwenye uwezekano mdogo kwaweza kumharibu. Ofisa anayeongozwa na neno "hatari" atatazama ubaya wa kosa lililopita, aache kupima uwezekano wa lijalo.

Sheria zilizofuata mfano wa Uingereza huitaka mahakama imweleze mkosaji maana ya amri kwa lugha ya kawaida, na kutaka kujua kama yu radhi kuifuata. Ridhaa ya mtu asiyefahamu alichoambiwa si ridhaa. Tunawaomba mahakimu, maofisa wa uangalizi na wasomaji wote wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maoni kabla maneno mabovu hayajaota mizizi.