Kipepeo Katika Kioo

Aliyeitazama I Am Legend ya mwaka 2007 hadi tamati hana haja ya kusimuliwa jinsi Robert Neville, akiisha kumficha Anna na mtoto Ethan katika shimo la makaa na kumkabidhi mama yule kichupa cha damu yenye dawa, anavyolitwaa bomu la mkono na kujirusha nalo katikati ya viumbe wa giza, waliokuwa watu kabla ya ugonjwa, wanaokivunja kioo cha maabara yake. Haja aliyo nayo, naamini, ni kuambiwa bila ya kuficha kwamba tendo lile, ambalo watu wengi waliliaga kwa machozi, lilikuwa kosa. Na kosa lenyewe si dogo, kwani katika dakika moja liliyafuta maana yote yaliyotangulia.

Yaliyotangulia yalikuwa mema. Jiji la New York lililohamwa, nyasi zilizoota katika barabara, kulungu wakitimua mbio Times Square, kimya kizito, na kifo cha mbwa Sam mikononi mwa bwana wake: hiyo ni kazi safi ya mwongozaji Francis Lawrence na mpiga picha Andrew Lesnie, na Will Smith aliibeba peke yake kwa adabu kubwa.

Turudi basi kwenye maabara. Neville anamtega kiumbe wa kike kwa damu yake mwenyewe, naye kiumbe wa kiume, mkubwa wa kundi, anatoka gizani hata jua likamchoma, anamkazia macho aliyemnyang'anya, kisha anarudi nyuma kwa uchungu. Jioni ile daktari wetu anaweka katika kumbukumbu zake kwamba tabia za kibinadamu zimekwisha kabisa katika viumbe hawa. Waandishi wa mswada, Mark Protosevich na Akiva Goldsman, walitutendea hapo jambo la ustadi mno: walituonyesha kwa macho yetu kiumbe aliyekubali kuungua kwa ajili ya mwenziwe, kisha wakatusikilizisha kwa masikio yetu mtu mwenye elimu akilikana hilo alilolishuhudia. Dokezo la namna hii ni deni, na mtunzi aliyekopa hana budi kulipa. Baadaye Neville ananaswa mguu, ananing'inia kichwa chini mbele ya Fred, yule sanamu wa dukani, katika mtego uliofanana na ule alioutega yeye, deni likaongezeka. Na ukutani, katika chumba kile kile cha maabara, zimebandikwa picha safu kwa safu za viumbe aliowafanyia majaribio, nao wote wakafa.

Deni hilo lililipwa lote, bila ya kubaki hata senti, katika tamati ambayo watazamaji wa sinema hawakuonyeshwa na ambayo iliingizwa katika DVD ya mwaka 2008. Mkubwa wa kundi anakigonga kioo kwa kichwa, anasita, kisha kwa kiganja anachora juu yake umbo la kipepeo. Neville anageuka kumtazama mgonjwa wake kitandani na kuona kipepeo aliyechanjwa mwilini mwake. Hawakuja kumla, walimjia mmoja wao. Anaiweka silaha chini, anakisukuma kitanda nje ya kioo, anamwamsha yule wa kike, naye wa kiume anamkumbatia kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kupotewa na mpenzi wake ataijua. Hapo ndipo macho ya Neville yanapopanda ukutani, kwenye zile picha, na kwa mara ya kwanza anaziona kuwa ni nyuso za watu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha; hapa zimwi limemjua mtu, na mtu, kwa fadhaa isiyo na mfano, amejijua kuwa yeye ndiye zimwi.

Sasa tazameni yaliyofanywa kwa kipepeo huyu katika tamati iliyochaguliwa. Hakuuawa, aliondolewa mahali pake akapewa kazi nyingine. Kioo kinapasuka, mipasuko inafanya umbo la kipepeo, Neville anaikumbuka mikono ya binti yake Marley alivyoifanya mabawa siku ya kuhama, na mara anamwona kipepeo shingoni mwa Anna. Alama iliyokuwa ujumbe kutoka kwa kiumbe mmoja kwenda kwa kiumbe mwingine imekuwa ishara iliyoshuka kutoka juu. Mimi ni mtu ninayeamini kudura, wala siwezi kuudhika kwa sababu Mungu ametajwa katika sinema. Na watetezi wa tamati hiyo wana haki kusema kwamba ugomvi wa Neville na Anna juu ya kuwapo kwa Mwenyezi Mungu uliitayarisha njia. Lakini ugomvi ule ulizuka karibu na mwisho, ilhali swali la viumbe wale ni nani lilikuwa limewekwa mezani kabla Anna hajaingia katika kisa, na hilo ndilo lililoachwa bila ya jibu. Fauka ya hayo, watu husahau ni nani mwingine aliyekuwamo nyuma ya kioo. Yule wa kike alikuwa kitandani, dawa imeanza kufanya kazi mwilini mwake, na damu aliyokabidhiwa Anna ilitoka kwake. Bomu lile, basi, lilimwua mgonjwa wa kwanza kupona, na aliyemwua ni tabibu wake. Hakuna aliyetiwa uchungu na jambo hili, kwa sababu picha ilikuwa imekwisha kutuagiza tumlilie mtu mmoja tu.

Mwongozaji mwenyewe amesema hadharani kwamba tamati ya kwanza ilikataliwa katika maonyesho ya majaribio. Nimeandika mara nyingi, na nitaandika tena maadamu nina kalamu, kwamba mtu aliyetoka kwenye kiti sasa hivi na moyo unamdunda si kadhi wa kuhukumu tamati ya kisa. Tena nadhani chanzo cha kukataliwa kwake kilikuwa mahali pengine. Upigaji picha ulipokwisha kuanza, waliachwa waigizaji waliopakwa dawa za uso, na viumbe wote wakatengenezwa kwa kompyuta; matokeo yake ni vichwa laini kama mpira, vyenye vinywa vinavyopanuka kuliko kiasi, visivyoweza kubeba haya wala mapenzi. Ukimnyima zimwi uso kwa saa nzima na nusu, usistaajabu halaiki ikikataa kumhurumia mwishoni. Dawa ilikuwa kuurekebisha uso, nao wakaukata moyo. Sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 580 duniani, na wapo wanaoifanya tarakimu hiyo kuwa ithibati ya uamuzi mwema. Hiyo ni ithibati ya jina la Will Smith na ya jiji tupu.

Richard Matheson, aliyeitunga riwaya yenyewe mwaka 1954, alilijua jambo ambalo wenye fedha hawakutaka kulijua. Neville wake huzunguka mchana akiwaua waliolala, akiamini anaisafisha dunia, hadi anapofahamu kwamba baadhi ya wale aliowaua walikuwa watu walioupata ugonjwa, wakauzuia kwa dawa na kuanza kujenga jamii mpya. Wanamkamata, naye anachungulia dirishani, anauona umma umekusanyika, na katika nyuso zao anaiona hofu, hofu ya yeye. Amekuwa kwao kile ambacho wanyonya damu walikuwa kwa wazee wetu: kisa cha kutishia watoto usiku. Hiyo ndiyo hekaya inayotajwa katika jina la kitabu. Sinema ya 2007 ikalichukua jina hilo hilo, ikampa Anna alisome mwishoni kama wasifu wa shujaa, kisha ikamfikisha kwenye lango huko Vermont linalofunguka kuonyesha kanisa na bendera, kana kwamba kiyama kilipita tu mtaa wa jirani.

Riwaya hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa sinema kabla ya hapo. Vincent Price, katika The Last Man on Earth ya mwaka 1964, iliyopigwa Roma kwa fedha haba hata uchache wake ukaonekana, aliuhifadhi msiba huo wa mtu kugundua kuwa amewaua walio hai. Charlton Heston, katika The Omega Man ya mwaka 1971, ndiye aliyeupotosha: alikufa amenyoosha mikono ndani ya chemchemi ya jiji, akiisha kuwaachia vijana chupa ya damu iponyayo. Waliokuwa na mirathi mbili mbele yao walimwacha Price wakamfuata Heston. Na George Romero, aliyekiri kwamba Night of the Living Dead ya mwaka 1968 aliichota kwa Matheson, hakumwuliza mtu ruhusa alipomfanya Ben, mtu mweusi aliyechezwa na Duane Jones, avuke usiku mzima katika nyumba iliyozingirwa, kisha asubuhi apigwe risasi na waokozi waliomdhania mfu. Tangu niione tamati ile, kila bomu la kishujaa limekuwa likinipungukia ladha.

Kwetu pwani maudhui haya si mageni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliupeleka moyo wake katika majumba ya Pate yaliyobaki magofu, wala hakumleta shujaa wa kuyajenga upya. Aliutaka moyo ujitazame humo. Mvuto wa visa vya baada ya kiyama uko hapo hasa: vinatuondolea soko, serikali na jirani wa kutusifu, tubaki na matendo yetu mbele ya macho ya wengine ambao hatukuwahesabu kuwa watu.

Mwaka 2023 Akiva Goldsman alitangaza kwamba sehemu ya pili inayokusudiwa itaifuata ile tamati iliyotupwa, ambamo Neville yu hai. Habari hii imenifurahisha kwa dhati. Jiji tupu tumekwisha kuliona. Ninalolingojea ni kumwona Neville huyo akikaa chini, baada ya miaka, na kuzikumbuka picha zile za ukutani moja baada ya moja.