Je, Wabuddha Wana Mungu?

Yako maswali ambayo hujibiwa upesi kabla hayajafahamika, na moja lao ni hili: Je, Wabuddha wana Mungu? Aghalabu swali hili hupata majibu mawili. La kwanza husema kwamba hawana, na kwa hiyo hawana dini. La pili husema kwamba wanaye kama sisi, ila humwita kwa jina jingine. Moja ni kali na moja ni la upole, lakini yote mawili yana kasoro ile ile, nayo nitajaribu kuionyesha. Jambo lenyewe si dogo. Katika Kiswahili, kumwambia mtu kwamba hana Mungu ni kumwambia kwamba hana huruma wala haya. Neno zito namna hiyo halifai kutupwa juu ya mamilioni ya watu pasipo uchunguzi.

Na tuanze na mafundisho yenyewe. Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Buddha, yaani Aliyeamka, alifundisha katika kaskazini ya Bara Hindi kadiri ya karne tano kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Vitabu vya kale vya dini yake vilivyohifadhiwa katika lugha ya Kipali havikani kuwako kwa miungu. Miungu imejaa tele ndani yake. Lakini miungu hiyo ni viumbe wenye umri mrefu na raha nyingi, na siku yao ikifika nao hufa wakazaliwa tena mahali pengine, kama watu na wanyama.

Katika vitabu hivyo kimo kisa cha mtawa mmoja aliyetaka kujua ni wapi ardhi, maji, moto na upepo hukoma pasibaki kitu. Alipanda mbingu hata mbingu akiuliza, na kila kundi la miungu lilimpeleka kwa lile lililo juu yake, hata akafika mbele ya Brahma Mkuu. Brahma alijibu kwa fahari kwamba yeye ndiye muumba na mtawala wa vyote. Mtawa akasema kwamba hakuuliza hilo. Alipouliza mara ya tatu, Brahma alimshika mkono, akamvuta kando ili miungu wengine wasisikie, akamwambia kwamba yeye hajui, na kwamba ingalikuwa heri kama angalimwuliza Buddha.

Kisa hiki kina mzaha, na ndani ya mzaha imo hoja. Yule adhaniwaye kuwa muumba ni kiumbe kama wengine, na elimu yake ina mpaka. Basi, ikiwa kwa neno Mungu tunakusudia yule mmoja wa milele, aliyeumba vyote na atakayewahukumu wote, hatuna budi kusema wazi kwamba Ubuddha haufundishi imani hiyo.

Wako wasemao kwamba Buddha alinyamaza tu juu ya Mungu. Kauli hii yahitaji kusahihishwa. Ni kweli kwamba alikataa kujibu maswali fulani: kama ulimwengu ni wa milele au sivyo, kama una mwisho au hauna, kama uhai na mwili ni kitu kimoja, na kama aliyekombolewa yuko baada ya kufa. Alimfananisha mwulizaji na mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, naye hataki utolewe mpaka ajue jina na ukoo wa aliyempiga. Lakini katika maswali yale, swali la kuwako kwa Mungu halimo. Msomaji mwema hutazama orodha kabla ya kusimulia yaliyomo.

Mfano wa mshale waonyesha pia kwa nini jibu la kwanza halitoshi. Ubuddha waanza na jeraha la mwanadamu. Wafundisha kwamba mateso yapo, kwamba chanzo chake ni tamaa, kwamba yaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuyakomesha. Njia hiyo ina maadili yake: usiue, usiibe, usiseme uongo. Ina watawa, mahekalu na ibada. Huko Japani watu wengi huliitia jina la Amida kwa tumaini la kuzaliwa katika nchi yake safi, ingawa Amida huyo hakuumba ulimwengu. Wala mambo haya hayako mbali nasi. Dar es Salaam liko hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka, na mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Kibuddha nchini Uganda. Kipimo kinachosema kwamba hayo yote si dini kina ila.

Jibu la pili lina hatari iliyofichika zaidi, na ushahidi wake uko papa hapa Afrika Mashariki. Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa Uganda, alieleza jinsi mapadre wa Kiitalia mwaka 1911 walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kuumba kwa maana hiyo hakukuwako katika lugha yao. Swali likageuzwa: Ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, kwa maana watu huzaliwa na mama zao. Mwishowe ikakumbukwa kwamba mtu apatwapo na ugonjwa wa uti wa mgongo akawa kibiongo, husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Wakajibu: Rubanga. Hivyo jina la pepo mwenye kupinda migongo likawa jina la Mungu katika mahubiri.

Swali hilo hilo lingaliulizwa hapa Katelembo, jibu lingalipatikana bila taabu. Katika Kikamba, Mungu huitwa pia Mumbi, yaani mwenye kuumba, na kitendo chenyewe ndicho cha mwanamke afinyangaye chungu. John Mbiti, Mkamba aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alikusanya dhana za Mungu za makabila zaidi ya 270 katika kitabu chake cha mwaka 1970. Okot alimlaumu yeye na wenzake kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Wayunani. Nionavyo mimi, Mbiti amesimama imara anaposema juu ya Ukambani, lakini yaliyo kweli Ukambani hayawi kweli Acholi kwa sababu sisi twapenda yawe hivyo. Okot naye ametufundisha jambo kubwa, kwamba swali laweza kuzaa jibu lake lenyewe. Ila kosa la mapadre kwa Waacholi halithibitishi kwamba kila kabila lilitiwa Mungu mdomoni.

Sasa kasoro ya majibu yetu mawili yaonekana. Yote mawili hupima dini ya wengine kwa kibaba chetu: moja hukiona kibaba kitupu likadharau, jingine hukijaza kwa nguvu likapongeza. Adhaniaye kwamba anamheshimu Mbuddha kwa kumpa Mungu asiyemtaja, amemnyang'anya maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo, ewe kijana, ukiulizwa swali hili katika mtihani au katika mazungumzo, jibu hivi: Miungu wanayo, Muumba hawamfundishi, na dini wanayo. Kisha uliza wao wenyewe huuliza nini. Hutapungukiwa na imani yako kwa kuwasikiliza, ukiwa Mkristo au Mwislamu. Utakuwa umejua mahali mnapopatana na mahali mnapoachana, na kuachana kunakojulikana ni bora kuliko mapatano ya kubuni.