Kuvuta, Kisha Kuachia

Muuza nyama ninayenunua kwake hakati papo hapo. Kwanza hushusha mnofu wa paja kutoka kwenye kulabu, huulaza juu ya gogo, kisha huupitishia kidole gumba polepole, mara huku mara kule, kama fundi cherehani anayetafuta mshono umeanzia wapi. Foleni inaweza kufika nje barazani, yeye hana haraka. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, unatafuta nini hapo?" Akanijibu bila kuinua macho, "Natafuta nyuzi zimelalaje, mwanangu. Nikikosea hapa, meno yako yatanilaani mchana."

Mnofu ni misuli, hilo kila mtu analijua, lakini wengi wetu tunaula miaka nenda miaka rudi bila kuutazama. Yeye anautazama. Akitaka kutenganisha msuli na msuli mwenzake, hakati kabisa. Hutafuta utando mweupe ulio kati yao, huingiza ncha ya kisu, huvuta kwa mkono wa kushoto, na vipande viwili vinaachana kwa sauti ndogo ya kubanduka. Kisha huugeuza msuli mpaka nyuzi zilale kukingama mbele ya kisu, ndipo kisu kinaposhuka. Nyuzi ndefu zimekuwa fupi, jino limepunguziwa kazi. Angefuata urefu wake, mshikaki uleule ungetafunwa kama usumba.

Usumba si mfano wa kuokoteza. Kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja hufukia makumbi ya nazi ufukweni kwa miezi, huyafukua, huyaponda, na kutoka kwenye nyuzi fupi wanasokota kamba ya kufungia ngalawa. Uzi mmoja haufungi kitu. Mia zikikumbatiana, chombo kinatulia. Msuli nao umejengwa kwa vitita: nyuzi kadhaa zimefungwa zikawa kitita, vitita vimefungwa vikawa msuli. Ila hapa aliyejenga amemzidi msokota kamba. Nyuzi za msuli hazikusokotwa. Zimelala ubavu kwa ubavu, kila moja ndani ya utando wake, kila kitita ndani ya utando wake, na msuli mzima ndani ya ule utando mweupe anaoutafuta mzee wangu. Tando zote hizo haziishii pale nyama inapoishia. Zinaendelea mbele, zinakutana, zinakazana, zinakuwa kano, na kano inazama ndani ya mfupa. Kwa hiyo hakuna mahali nyama "imegundishwa" kwenye mfupa. Vazi la kila uzi, hata ule uliojificha katikati kabisa, limeungana na kile kinachovuta mfupa.

Tunayo misuli zaidi ya 600 ya namna hii, na kwa mtu mzima inakaribia asilimia 40 ya uzito wa mwili. Yote inajua jambo moja tu: kuvuta. Hakuna msuli unaosukuma. Ukisukuma mlango, ni misuli ya nyuma ya mkono inayovuta kiwiko kinyooke. Ndiyo maana kwenye viungo misuli imepangwa kwa kupingana, mmoja ukikunja, mwingine unakunjua, na anayevuta leo hawezi kurudi alikotoka mpaka mwenzake amvute.

Tuingie ndani ya uzi mmoja. Unene wake ni mikromita 50 hivi, sawa na unywele mwembamba, lakini urefu unaweza kuwa sentimita kadhaa, na huo wote ni seli moja. Seli hiyo haikuzaliwa kubwa. Mtoto akiwa bado tumboni, seli ndogondogo zilijipanga mstari, zikagusana, kuta kati yao zikatoweka, zikawa kitu kimoja chenye viini mamia. Ndani yake mna vijiuzi vingi vyembamba zaidi, vya unene wa mikromita moja tu, na kila kijiuzi kimegawanywa kwa kuta kuwa vyumba vinavyofuatana kama mabehewa ya treni. Wataalamu huita chumba hicho sarkomia. Urefu wake ni mikromita 2.5 hivi, sentimita moja ya kijiuzi ina vyumba kama 4,000.

Chumba hicho ndicho kinachonifanya niweke kalamu chini kila ninapokisoma. Kutoka kila ukuta zimetokeza fito nyembamba za protini iitwayo aktini, zikielekea katikati. Katikati zimening'inia fito nene za miosini, zimeingia kati ya zile nyembamba kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Kila ufito mnene umefungwa kwenye kuta zote mbili kwa titini, kubwa kuliko protini zote za mwili wa binadamu, nayo hufanya kazi ya springi: chumba kikivutwa kupita kiasi, huukumbusha ufito mahali pake. Na ufito mnene si laini. Umeundwa na molekuli kama 300, na kila molekuli imetoa vichwa viwili vinavyofika karibu kabisa na ufito mwembamba, kama mikono iliyonyooshwa kusubiri kamba.

Kwa muda mrefu watu waliona milia ya vyumba hivyo kwenye hadubini, myeusi na myeupe kama ya punda milia, wakadhani msuli hufupika kwa sababu protini zake hujikunja. Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, zilitoka makala mbili zilizoandikwa na watu wasiofanya kazi pamoja. Moja ilikuwa ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, waliotazama nyuzi za chura zikiwa hai. Nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, waliotumia vijiuzi vya sungura. Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu. Waliona jambo lilelile: msuli ukifupika, mlia mweusi haubadiliki urefu. Unaopungua ni mweupe. Kumbe hakuna kilichojikunja. Fito zimeteleza tu, nyembamba zikaingia ndani zaidi kati ya nene, na kuta mbili za chumba zikasogeleana. Andrew Huxley alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, lakini kwa kazi yake ya mishipa ya fahamu. Hii ya misuli, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, haikupata tuzo hiyo.

Fito zinatelezeshwa na vile vichwa. Kimoja kinashika ufito mwembamba, kinapinda shingo, kinausogeza kwa nanomita zisizofika hata kumi, kinaachia, kinajinyoosha, kinashika tena mbele kidogo. Wengine hufananisha kazi hiyo na wapiga makasia. Mimi nawakatalia. Makasia huingia majini pamoja na kutoka pamoja. Vichwa hivi vingefanya hivyo, ufito ungeponyoka na kurudi nyuma kila vinapoachia. Nenda pwani asubuhi utazame watu wanaokokota juya. Mkono wa huyu umeshika, wa yule umeachia na unatafuta mbele, kamba haipati nafasi ya kurudi baharini hata shibiri moja. Hivyo ndivyo vichwa vinavyofanya kazi, kila kimoja kwa wakati wake. Chumba kimoja kikipungua nusu mikromita, jicho haliwezi kuona. Lakini vyumba vyote 4,000 vikipungua kwa mpigo, sentimita imepungua milimita 2, na mkono umeinua ndoo.

Sasa nirudi buchani, maana jambo nililokuwa nalitafuta nililikuta huko.

Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri akifikishwa bucha mapema, nyama yake bado ina joto, na mara nyingine utaiona inachezacheza yenyewe kwenye kulabu. Watoto hukimbia. Baada ya saa kadhaa inatulia na kuwa ngumu, kiungo hakikunjiki. Nilikuwa nikidhani ugumu huo ni wa kawaida kwa kitu kilichokufa, kwamba kikikosa nguvu kinakaza. Lakini hebu fikiri: mtu akiishiwa nguvu huachia mzigo, hawi mgumu. Kwa nini msuli ufanye kinyume?

Jibu lilianza kuonekana Szeged, mji wa Hungaria, vita kuu ya pili ikiendelea. Albert Szent-Györgyi, ambaye tayari alikuwa na Nobel ya mwaka 1937, pamoja na wenzake walitengeneza nyuzi kutokana na protini za msuli tu, bila seli yoyote hai, wakazimwagia ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya mwili. Nyuzi zikafupika zenyewe mbele ya macho yao. Mwenzao Brunó Straub ndiye aliyeitenga aktini, mwaka 1942. Baadaye ikafahamika ATP inaingia wapi hasa, na hapo ndipo nilipokaa kimya. Kichwa cha miosini hakihitaji ATP mpya ili kishike. Kinaihitaji ili kiachie. Kikiipata, kinabanduka, kisha kinaivunja na kutumia nishati yake kujinyoosha, kama mtego uliotegwa upya. Kikiikosa, kinabaki kimeng'ang'ania pale kilipo. Ng'ombe amekufa, ATP imekwisha, mamilioni kwa mamilioni ya vichwa vimeshika na hakuna hata kimoja chenye uwezo wa kuachia. Huo ndio ugumu wa maiti.

Na hata amri ya kuvuta imefuata desturi hiyohiyo. Ishara ya neva ikifika, vifuko vilivyozunguka vijiuzi humwaga kalisiamu. Mjapani Setsuro Ebashi na wenzake ndio waliofafanua, katika miaka ya 1960, jinsi kalisiamu inavyosogeza protini nyembamba iliyofunika mahali pa kushika, vichwa vikapata njia. Kumwaga ni rahisi, ni kama kufungua bomba. Kazi ni kuirudisha kalisiamu yote kwenye vifuko, chembe kwa chembe, na kila safari ya kurudisha inalipiwa kwa ATP. Mwili unalipa ili uweze kulegea.

Mzee wangu hajasoma Ebashi. Anajua tu kwamba nyama ya jana ni bora kuliko ya leo, na kila siku wateja wanambishia, wanataka ile inayotoa mvuke. Yuko sahihi. Baada ya siku moja au zaidi vimeng'enya vya nyama yenyewe vinakatakata viunganishi karibu na kuta za vyumba, na mnofu unalainika ingawa vichwa havijaachia. Mimi mwenyewe niliwahi kubisha: nikabeba kilo mbili zenye joto, nikazisukuma moja kwa moja kwenye friza. Nyama ikipigwa na baridi kali kabla ya kukakamaa, kalisiamu huvuja na msuli hujifupisha kwa nguvu zote ulizobaki nazo. Siku niliyoipika tulikula mchuzi, nyama tukaiacha kwenye sahani.

Kuna mengine ambayo kisu humwonyesha kila siku. Paja la kuku wa kienyeji ni jeusi na kidari ni cheupe, kwa kuwa paja hutembea kutwa na limejaa mayoglobini ya kuhifadhi oksijeni, wakati kidari ni cha kuruka mara moja na kutua. Kwa muuza samaki jirani yake, jodari asiyeacha kuogelea ana nyama nyekundu. Na vijana wa zege wanaokuja kununua utumbo jioni wamenenepa mabega si kwa sababu wameongeza nyuzi, idadi yake haibadiliki sana, bali kwa kuwa kila uzi umeongezewa vijiuzi ndani. Pembezoni mwa nyuzi kuna seli ndogo zilizolala, Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Msuli ukichubuka kwa kazi, seli hizo huamka, huongezeka, na kujiunga na uzi kama zile za tumboni mwa mama.

Siku hizi nachukua nyama ya jana. Namwachia mzee atafute nyuzi kwa kidole chake, nami naweka mkono kifuani nikisubiri zamu, kwa sababu huko nako kuna msuli, wenye milia ileile na vichwa vilevile. Moyo wa mtu aliyetulia ukipiga mara 75 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.8. Katika hizo, 0.3 hivi ni za kubana. Zilizobaki, 0.5, ni za kuachia.