Uasilia na Uwanja wa Mchoma Mahindi katika Kisii na Nyamira

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliainisha mambo manne yanayoijenga sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Kipimo hicho chafaa kwa chakula cha barabarani. Mwaka 1990 Rirkrit Tiravanija aliwapikia watazamaji pad thai katika jumba la sanaa mjini New York. Dhana aliileta mwenyewe: mlo uliokuzwa na serikali ya Phibunsongkhram kuwa alama ya taifa la Thailand uligeuzwa swali kwa kuliwa.

Mchoma mahindi wa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, ni mtendaji mwenye uwanja na watazamaji. Je, dhana? Mahindi yalitoka Meksiko, ndizi Asia. Obori, yaani wimbi, ndiyo nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hata hivyo, mnunuzi haulizi nasaba ya gunzi. Swali la uasilia huletwa na mhakiki. Kumwita mchomaji msanii ni kumtwika dhana asiyoikusudia na kuificha kazi inayomlisha.

Fundisho limo humo. Jukwaa la utamaduni linaloonyesha obokima bw'obori pekee huhifadhi asili ya mbegu, si maisha ya Abagusii. Uasilia wa chakula umo katika mikono inayokipika na vinywa vinavyokila. Mtunzi anayetaka kuuhoji jukwaani hana budi kuanza na jiko la makaa, ndipo aliendee jiwe la kusagia.