Uchovu, Kukinai na Wito

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali imfikayo mtu aliyesongwa na mashaka ya kazi kwa muda mrefu pasipo kupata nafuu. Halikuiita ugonjwa, bali jambo litokanalo na kazi, lenye alama tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi hata akaibeza, na utendaji wake kupungua. Kwa Kiswahili hali hiyo huitwa mara nyingi uchovu. Tafsiri hiyo haitoshi. Mkulima hurudi shambani amechoka, akalala, na asubuhi uchovu umekwisha. Neno hili lashika alama ya kwanza tu; tena ladokeza kwamba dawa ni usingizi. Daktari akiulizwa kama amechoka atajibu ndiyo, na muulizaji hatakuwa amejua kitu.

Lugha inalo neno lililo karibu zaidi, nalo ni kukinai. Aliyekinai ni mtu aliyeridhika na alicho nacho. Pia ni mtu aliyeshiba kitu hata kikamchukiza. Kuridhika na kuchukizwa hukaa katika shina moja. Mwanafunzi asomaye udaktari Muhimbili kwa miaka mitano, kisha akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, aweza kuianza kazi amekinai kwa maana ya kwanza na baadaye akakinai kwa maana ya pili. Hata hivyo neno hili halitaji utendaji kupungua, kwa hiyo lahitaji maelezo.

Neno la tatu, wito, ndilo lenye hatari. Husemwa kwamba udaktari ni wito, na usemi huo una ukweli wake. Mwaka 2012 madaktari wa Tanzania walipogoma wakidai mishahara, posho na vifaa bora vya tiba, aliyeumia kwanza ni mgonjwa, kama yule atokaye Segerea akitumaini Amana au Muhimbili. Lakini usemi huo humtazama aliyeitwa peke yake. Hapana wito pasipo mwenye kuita, wala si desturi ya watu wa pwani kumwita mgeni kisha kumwacha mlangoni. Neno litumikalo kumdai daktari subira, bila kumdai aliyemwita vifaa na zamu zenye kiasi, limetumika nusu. Nusu hiyo ndiyo imkinaishayo daktari.