Kipengele cha kwanza kimeiharibu amri ya Kariakoo

Amri ya Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, ya 28 Julai 2025, ile inayowakataza wasio raia biashara 15, mnaijua. Saluni, wakala wa pesa kwa simu, ufundi simu: sina ugomvi. Mwenye leseni hai aachwe hadi iishe: sawa pia. Kilichoniudhi ni kipengele cha kwanza, kilichofunga jumla na rejareja kwenye fungu moja.

Hilo ni kosa, tena la kujitakia. Rudini kwenye kelele za Kariakoo za mwanzo wa mwaka huo kuhusu wafanyabiashara wa kigeni, zilizomfanya waziri aunde kamati ya watu 15 chini ya Profesa Edda Lwoga wa Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Kilichowauma wenye fremu ni kwamba mgeni anayeshusha kontena ndiye huyo huyo anayekaa dukani na kumuuzia mpita njia jozi moja ya viatu kwa bei ya katoni. Wewe wa mtaa wa Narung'ombe umechukua katoni hiyo kwake, umelipa kodi ya fremu, umelipa na kilemba, halafu mteja wako anavuka barabara na kununua kwa bei uliyonunulia wewe. Winga, dalali wa mtaani, naye hana pa kuchomeka cha juu, maana bei ya mwenye mali imeshajulikana mtaa mzima.

Dawa yake ilikuwa kuweka kipimo. Asiye raia asiuze chini ya katoni, au dazeni, kulingana na bidhaa; akikutwa anauza kimoja kimoja, leseni inafutwa. Kipengele kilivyoandikwa kinamwondoa hata anayeuza katoni tu. Wa kujaza pengo lake ni nani? Mwenye fremu moja hana nauli ya Guangzhou, achilia mbali fedha ya kujaza kontena. Atakayejaza ni mwagizaji mkubwa mwenye stoo tatu, na bei atapanga yeye. Kinachokera zaidi, kipengele hicho hicho kimeziacha supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Kwa hiyo aliyeandika alijua kutenganisha. Ilipofika zamu ya Kariakoo akachoka.

Siku nne baada ya amri, 1 Agosti, kikafunguliwa kituo cha biashara cha EACLC pale Ubungo, cha mwekezaji kutoka China, chenye maduka zaidi ya 2,000. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa wapi? Leseni za rejareja ni kundi B chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, na kundi B hutolewa na halmashauri. Daftari liko kwao. Kamati ya madiwani, ikiwa na watu wa Jumuiya ya Wafanyabiashara Kariakoo, ingepanda ghorofa kwa ghorofa ikilinganisha jina la kwenye leseni na mtu anayeshika droo ya pesa. Mzawa aliyemkodishia mgeni jina lake angeonekana mapema sana, kabla amri haijamkumbuka kwa faini ya shilingi milioni 5. Kamati ya namna hiyo ndiyo ingekwenda kwa waziri na hoja ya dazeni na katoni, ikiwa na orodha ya maduka mkononi.

Haya ya kupima kwanza nimeyasema tangu Machinga Complex, jengo lililojengwa kwa fedha za mfuko wa NSSF mahali ambapo wateja hawapiti. Wanaonisoma wamechoka kusikia jina la Charles Keenja, lakini nitalitaja tena. Tume yake ya Jiji, 1996 hadi 2000, ilivunja vibanda bila huruma na sikuipenda kwa hilo. Ila kazi ya taka ilipoitoa kwa kampuni na vikundi vya wakazi, iliigawa kata kwa kata, kila mmoja na eneo lake. Walijua kupima kabla ya kukata.

Leseni ni ya miezi 12. Iliyotolewa wiki moja kabla ya amri inaisha Julai 2026, na atakayekuja dirishani Jiji kuomba mpya ni raia mwenye kitambulisho safi, fremu ile ile na mzigo ule ule wa mgeni. Karani hana kipimo chochote cha kumpimia.